Je, Kila Gari Linalokimbia Lifukuzwe?



Mwezi huu naomba tutoke kidogo katika habari za chanjo na lishe. Nimepata barua kutoka kwa dada mmoja tuliyefahamiana miaka ile nilipokuwa nikihudumu katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Yeye ni mzaliwa wa Kongo. Yeye, mumewe na watoto wao wanne walihamishiwa Marekani, na sasa wamekaa huko miaka saba. Anafanya kazi ya usafi hospitalini, watoto wanasoma, na mkubwa wao ametimiza miaka 17 na amepata leseni ya kuendesha gari.

Anasema kwamba jioni moja alikuwa amesimama kando ya barabara akingoja taa ya kuvuka, amemshika mkono kitinda mimba wake. Mara gari moja likapita mbio na kuvunja taa nyekundu, na nyuma yake magari mawili ya polisi yanalia ving'ora. Anaandika, "Dada yangu, tungekuwa tumekanyaga lami hatua mbili tu, barua hii usingeiona." Siku ya pili akasikia kwa majirani kwamba aliyekuwa akikimbizwa ni kijana mmoja ambaye kibali cha gari lake kilikuwa kimekwisha muda. Basi ananiuliza maswali mawili. Ni nani anayewaruhusu polisi kukimbizana namna hiyo katikati ya watu? Na yeye amwambie nini mwanawe?

Nilimjibu. Lakini najua wengi wenu mna watoto, wadogo zenu au shemeji zenu huko, na akina mama wachache sana wamewahi kuelezwa jambo hili. Kwa hiyo hebu tulizungumze hapa.

Kwanza tuelewe polisi wa kule walivyo. Sisi Tanzania tumezoea jeshi moja la polisi lenye Inspekta Jenerali mmoja, na amri ikitoka makao makuu inashuka hadi kituo cha mwisho kijijini. Marekani sivyo. Huko kuna idara za polisi zipatazo 18,000: za miji, za wilaya, za majimbo, hata za vyuo vikuu. Kila idara ina mkuu wake, na waraka wa kukimbiza magari hutungwa zaidi na idara yenyewe. Ukivuka barabara ukaingia mji wa jirani, huenda kanuni ikawa nyingine kabisa. Mji mmoja unamwachia askari aamue mwenyewe. Mji wa pili unasema asikimbize gari ila kama aliyemo ameua, amepora kwa silaha au amefanya jambo la namna hiyo.

Labda utasema, karatasi ni karatasi tu, askari akishapandwa na hamu ya kumkamata mtu ataikumbuka wapi? Hata mimi nilifikiri hivyo. Lakini Profesa Geoffrey Alpert, aliyechunguza mambo ya polisi kwa miaka mingi, alitoa taarifa mwaka 1997 kwa taasisi ya utafiti ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Humo alieleza habari za idara mbili. Polisi wa Metro-Dade, upande wa Miami, walibadili waraka wao mwaka 1992: gari lisikimbizwe isipokuwa kwa kosa kubwa la kudhuru watu. Mwaka uliofuata mikimbizano ilishuka kutoka 279 hadi 51. Polisi wa Omaha, katika jimbo la Nebraska, walifanya kinyume chake. Mwaka 1993 walilegeza kanuni, na mwaka uliofuata mikimbizano ikapanda kutoka 17 hadi 122. Mji ni ule ule, askari ni wale wale, na sidhani kama wezi walibadilika sana katika mwaka mmoja. Kilichobadilika ni yale yaliyoandikwa.

Sasa niwasimulie habari ya mji wa Chico, katika jimbo la California. Ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika makala haya, maana ndani yake kuna mama wawili.

Ilikuwa Januari 2002. Msichana wa miaka 15 alichukua gari la mama yake bila ruhusa. Mama akafanya ambalo wengi wetu tungefanya: akapiga simu polisi aombe msaada. Alitaka mwanawe arudi nyumbani salama, na gari pia lirudi. Polisi wakaliona gari wakaanza kulifukuza mitaani. Yule msichana hakusimama. Akazidi kukanyaga mafuta, akapita makutano ya barabara bila kusimama, akaligonga gari la familia nyingine iliyokuwa ikienda kwenye mchezo wa mpira wa kikapu. Katika gari hilo alikuwamo msichana aitwaye Kristie, naye pia ana miaka 15, anayefanya vizuri shuleni. Aliumia kichwa. Baada ya siku chache alifariki hospitalini.

Kilichowauma wazazi wa Kristie, na kinachonichoma na mimi kila nikikifikiria, ni kwamba polisi walijua aliyekuwa akiendesha lile gari ni nani. Walijua na nyumbani kwao, maana mama yake ndiye aliyewapigia simu. Wangeweza kwenda kumngoja sebuleni kwao. Na yule mama wa kwanza je? Aliomba msaada kwa nia njema, na tangu siku hiyo anaishi na jambo ambalo hakulitaka. Watu huwa hawamtaji sana.

Mimi si mwanasheria, ni muuguzi. Lakini majeruhi wa magari nimewapokea, na ningependa mama mwenzangu aelewe mwendo unavyofanya kazi. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kugongana haiongezeki maradufu, huwa mara nne. Gari la kilomita 100 kwa saa linapigwa na ukuta kwa nguvu mara nne ya lile la kilomita 50. Mkanda utamzuia mtu asirushwe nje, lakini ndani ya mwili ubongo unaendelea na safari hadi ukute mfupa, na ini na bandamu vinavutwa kwenye mishipa yake hadi vichanike. Mtu anaweza kuletwa kwako anazungumza vizuri, hana hata mkwaruzo, na tumbo linajaa damu. Wapo niliowafunika shuka ambao nusu saa kabla yake walikuwa wakiniuliza simu yao iko wapi.

Tena kuna mwili wa askari mwenyewe. Mwanadamu akifukuza au akifukuzwa, moyo humwenda mbio, mikono hutoka jasho, macho hukaza kwenye kile anachokifuata na ya kando hayaoni vizuri. Mama na mtoto waliosimama kando ya barabara ndio "ya kando" yenyewe. Mwili ulioumbwa kukimbia chui haukuumbwa kupima hatari za watu wengine kwa wakati huo huo. Sisemi hivi kumdharau askari. Hata mimi mikono imewahi kunitetemeka.

Ndiyo maana sisi hospitalini tunaandika mambo kabla hayajatukia. Chukua mfano wa kumwongezea mgonjwa damu. Hata kama mama aliyejifungua anamwagika damu na kila mtu anapiga kelele, chupa haitundikwi mpaka wauguzi wawili wamesoma pamoja jina, namba na kundi la damu. Nimewahi kumkasirikia mwenzangu kwa kunichelewesha namna hiyo. Baadaye nikamshukuru, maana namba zilikuwa hazifanani. Kanuni ile haikuwekwa kwa sababu wauguzi ni wajinga. Iliwekwa kwa sababu mtu aliye katikati ya haraka hafai kuachwa aamue peke yake.

Waraka mzuri wa polisi unafanya vivyo hivyo. Unasema mapema ni kosa gani linastahili kukimbizwa. Unasema magari mangapi ya polisi yaingie, maana yakiwa sita hatari ni ya magari sita. Unamtaka askari aite kwenye redio na kueleza mwendo, barabara, hali ya hewa na wingi wa watu. Na jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, unamweka mkubwa wake anayesikiliza redio akiwa mbali, ambaye moyo wake haumwendi mbio, mwenye amri ya kusema, "Acha, rudi." Huyo ndiye muuguzi wa pili kwenye chupa ya damu.

Pengine mtauliza, kwani mahakama hazipo? Zipo, lakini sikilizeni. Mwaka 1990, katika wilaya ya Sacramento huko huko California, askari alifukuza pikipiki yenye vijana wawili. Mkimbizano ulidumu sekunde 75 tu, muda wa kuosha vikombe viwili vya chai. Pikipiki ikaanguka, gari la polisi likashindwa kusimama, likamgonga kijana wa miaka 16 aliyekuwa amepakiwa nyuma, akafa. Wazazi walishtaki hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1998 majaji wakaamua kwamba katika mkimbizano wa ghafla kama ule, Katiba haiwezi kumshika askari ila kama alikusudia kumdhuru mtu kwa sababu isiyohusu kazi yake ya kukamata. Kusudi la namna hiyo utalithibitisha vipi? Kwa hiyo mlango wa juu ukawa mwembamba sana, na kinachobaki kumlinda mpita njia ni sheria za jimbo na zile karatasi za kila mji.

Na hata karatasi inaweza kuwa pambo. California ilikuwa na sheria tangu mwaka 1987 iliyosema kwamba mji wenye waraka wa kukimbiza magari hautadaiwa fidia kwa ajali iliyosababishwa na mtu anayekimbia polisi. Nia ilikuwa kuivuta miji iandike nyaraka. Ikaandika. Lakini sheria haikudai kwamba askari waufuate. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ilisikiliza kesi ya mji wa Westminster, ambako gari la wizi lilikimbizwa hadi eneo la shule na wanafunzi wakaumia. Majaji waliona mikono yao imefungwa, wakauambia mji kwamba umeshinda, lakini wakasema wazi kuwa sheria hiyo haikuwa nzuri na wakawaomba wabunge waitazame upya. Ni kama hospitali isamehewe kila kosa la damu kwa sababu tu kanuni imebandikwa ukutani.

Wazazi wa Kristie hawakukaa kimya. Seneta wa jimbo aitwaye Sam Aanestad alipeleka muswada ulioitwa Sheria ya Kristie, uliotaka polisi wasikimbize gari mitaani isipokuwa maisha ya watu yamo hatarini. Vyama vya polisi vikaupinga, ukaanguka. Mwaka 2005 ukapita mwingine ulio mwepesi zaidi. Huo ulidai kwamba mji unaotaka kinga uwape askari mafunzo kila mwaka, waraka uguse mambo 12 yaliyotajwa, na kila askari atie sahihi kwamba ameupokea, ameusoma na ameuelewa. Haukumpa yule mama alichokitaka, lakini ulikuwa zaidi ya bure. Mwaka 2007 akaanzisha chama cha kuwasaidia waliofiwa katika mikimbizano.

Halafu mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya California ilipata kesi ya mama mwingine. Mwanawe alikuwa abiria katika gari lililokimbizwa na polisi wa mji wa Gardena, akafa. Mama akasema, sawa, waraka mnao, lakini je, askari wote wametia sahihi? Mahakama ikajibu kwamba inatosha mji uwe umewataka wote watie sahihi. Kama wengine hawakutia, kinga haiondoki kwa hilo. Nikiwa muuguzi niliyetia sahihi maelfu ya karatasi za wagonjwa, na kuulizwa kwa kila iliyokosa sahihi, uamuzi huo ulinishangaza.

Nilipoyazungumza haya katika kikundi chetu cha akina mama baada ya ibada, mama mmoja mzee alinyanyua mkono. Akasema, "Mwanangu, kwa hiyo mwizi akanyage mafuta tu, aachwe? Aliyeiba ng'ombe wangu angekuwa na gari, ningetaka akimbizwe mpaka baharini!" Tulicheka, lakini swali lake si la kucheka. Ndilo linaloisumbua Marekani yenyewe.

Jiji la Milwaukee lilikaza kanuni zake mwaka 2010 baada ya watu wasiohusika kufa. Miaka ikapita, wananchi wakaanza kulalamika kwamba wezi wa magari na wauza dawa za kulevya wanawacheka polisi barabarani kwa kuwa wanajua hawatafuatwa. Mwaka 2017 tume inayosimamia polisi wa jiji ikaamuru kanuni zilegezwe, na mikimbizano ikaongezeka sana. Jimbo la Washington nalo lilikaza kwa sheria mwaka 2021, na mwaka 2024 likalegeza. Mwaka huo huo wapiga kura wa San Francisco waliwapa polisi wao nafasi kubwa zaidi ya kukimbiza. Miongoni mwa waliopiga kura hizo wamo akina mama kama sisi, waliochoka kuibiwa. Siwezi kuwaita wabaya.

Lakini nilimwambia yule mama mzee hivi. Ng'ombe wako ana thamani, tena kubwa. Sasa fikiria mwizi huyo anapita na ng'ombe sokoni siku ya gulio, na mgambo nyuma yake wanaendesha gari kilomita 120 kwa saa katikati ya meza za nyanya. Wewe mwenyewe ungepiga kelele waache. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Wamfuate polepole." Na kweli zipo njia za kumfuata polepole. Namba ya gari huandikwa, mwenye gari akatafutwa kesho yake. Helikopta hufuata kutoka juu bila kumsukuma mtu akimbie zaidi. Idara nyingine zina kifaa kidogo kinachorushwa na kunata kwenye gari, kikaonyesha liliko, na askari wakapunguza mwendo. Lakini zinataka fedha, na mji mdogo hauna helikopta.

Mwaka 2023 shirika la utafiti linalounganisha wakuu wa polisi wa Marekani lilitoa mwongozo. Nao haukuandikwa na watu wanaowachukia polisi, maana ni wakuu wao wenyewe na wataalamu. Ushauri wao ni kwamba mkimbizano uanze tu kama kumetendwa kosa la kudhuru watu na huyo anayekimbia ni hatari ya karibu kwa wengine. Hoja yao ni rahisi: mshukiwa anaweza kukamatwa siku nyingine. Mimi nakubaliana nao. Aliyeiba mtoto, afuatwe. Aliyetoka kuua na bado ana bunduki, afuatwe. Lakini kibali cha gari kilichokwisha muda? Hapana. Na gazeti moja kubwa la huko lilipohesabu mwaka 2015, lilikuta kwamba tangu 1979 zaidi ya watu 5,000 waliokufa katika mikimbizano walikuwa abiria au watu wasiohusika.

Sasa nirudi kwa dada yangu wa Nyarugusu na maswali yake.

Kwa mwanao, mama, usimweleze sheria ndefu. Mwambie akiona taa za polisi nyuma yake apunguze mwendo, awashe taa ya kuashiria, asimame pembeni mahali penye mwanga, na mikono aiweke juu ya usukani. Hata kama ana hofu. Hata kama amechukua gari bila kukuambia. Kijana anaweza kukimbia kwa kuogopa wazazi kuliko kuogopa polisi, kwa hiyo mwambie leo, kabla hajafanya kosa, kwamba hakuna kosa la gari ambalo halizungumziki nyumbani. Na akiwa abiria katika gari la rafiki anayetaka kukimbia, aseme kwa sauti, "Nishushe!" Wale vijana wa Sacramento na Gardena hawakuwa wameshika usukani.

Kuhusu wewe mwenyewe, waraka wa polisi wa mji wako si siri ya serikali. Idara nyingi huuweka kwenye intaneti, na California imezilazimisha idara zake kufanya hivyo tangu mwaka 2020. Mwombe binti yako wa shule ya sekondari akutafutie na kukusomea. Angalia wanasema nini juu ya makosa madogo. Angalia ni nani mwenye amri ya kusimamisha mkimbizano, na kama anayo hata askari aliye kwenye gari akikataa. Angalia kama wanaandika taarifa baada ya kila mkimbizano, na taarifa hiyo inasomwa na nani. Halafu nenda kwenye kikao cha halmashauri ya mji. Vikao vyao huwa wazi, na kwa kawaida mwananchi hupewa dakika chache za kusema. Kama Kiingereza chako bado kinakwama, uliza mapema kama watakupa mkalimani, au enda na binti yako. Waambie pale uliposimama na mtoto, saa ngapi, na gari lilipita umbali gani kutoka miguuni mwenu.

Ukiupata huo waraka, nitumie nakala na mimi. Nitausoma na ule wa Miami kando yake, na Mungu akipenda tutaendelea na habari hii utakaponiandikia walikujibu nini.